Kuchagua Kioo cha Kompyuta kwa Kazi, Michezo na Filamu: Mwongozo kwa Afya ya Macho

Miongoni mwa maswali ambayo wahudumu wa afya huulizwa siku hizi, moja lingeonekana kuwa la muuza duka kuliko la tabibu: "Ninunue kioo gani cha kompyuta ili macho yasiniume?" Swali hili ni la haki, na linastahili jibu lenye utaratibu. Kioo cha kompyuta, ambacho wengine hukiita monita au skrini, ni chombo ambacho mtu anaweza kukitazama kwa saa nyingi zaidi kuliko anavyotazama nyuso za watu wa nyumbani mwake. Hata hivyo, jibu sahihi halianzii dukani. Makala haya yanaeleza linaanzia wapi, na linaishia wapi.

Tuchukue mfano wa familia moja inayoishi Kawe, katika nyumba ya kupanga si mbali na viwanja vya Tanganyika Packers. Mama ni muuguzi. Akirudi kutoka zamu, huketi mezani kuandika taarifa na kusoma masomo anayoyachukua kwa njia ya mtandao. Mwanawe, aliye kidato cha tatu, hucheza mpira wa kwenye kompyuta. Baba ni fundi wa magari mwenye umri wa miaka 46, na usiku hutazama filamu na mechi za ligi. Kompyuta ni moja, meza ni moja, na fedha iliyowekwa akiba inatosha kununua kioo kimoja tu.

Kila mmoja ana lalamiko lake. Mama anasema macho humwasha na kichwa humuuma kila jioni. Baba anasema maandishi ya kwenye kioo yamefifia, na akisogea karibu ndipo yanapozidi kupotea. Kijana anasema picha huacha kivuli nyuma ya mpira unapokwenda kasi. Wote watatu wameafikiana kwamba dawa ni kioo kipya. Familia hii ni ya mfano, lakini malalamiko yake ni ya kila siku. Tutaona kwamba malalamiko haya matatu yana vyanzo vitatu tofauti, na kwamba kioo kipya kinaweza kuponya kimoja tu.

Kabla ya kwenda dukani, pitia kliniki

Tuanze na Baba. Mtu anapofikia umri wa takriban miaka 40, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kupungukiwa na unyumbufu wake. Lenzi changa hujikunja na kujinyoosha kwa wepesi ili jicho lione vitu vya karibu na vya mbali. Lenzi iliyokomaa hushindwa kujikunja vya kutosha kwa ajili ya vitu vya karibu. Hali hii haitokani na kompyuta, wala haiepukiki kwa kununua kioo cha bei kubwa. Humfika kila mtu, aliyesoma na asiyesoma. Tiba yake ni miwani.

Hapa pana jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui. Kitabu husomwa kwa umbali wa takriban sentimita 40, ilhali kioo cha kompyuta huwekwa umbali wa sentimita 50 hadi 70. Miwani iliyopimwa kwa ajili ya kitabu inaweza kuwa na nguvu kupita kiasi kwa kioo, na mvaaji hulazimika kuinamia meza ili aone. Kwa hiyo, mgonjwa anayetumia kompyuta apime kwanza kwa rula umbali kati ya macho yake na kioo, kisha amweleze mpimaji wa macho kipimo hicho. Mwenye miwani ya sehemu mbili naye huinua kidevu ili asome kwa sehemu ya chini, na matokeo yake ni maumivu ya shingo ambayo hayatulizwi na dawa za maumivu.

Lakini si kila ukungu wa macho ni wa umri. Ugonjwa uitwao na wengi presha ya macho huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, na kwa kawaida hauna maumivu. Huanza kwa kula uoni wa pembeni, hivyo mgonjwa huendelea kusoma na kutazama filamu bila kutambua anachokipoteza. Uoni uliopotea kwa ugonjwa huu haurudi. Watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi na mapema zaidi kuliko watu wa asili nyingine, na aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huo yumo katika hatari kubwa zaidi. Mtu wa namna hiyo akilaumu kioo, akanunua kingine, kisha akalaumu cha pili, anaweza kupoteza miaka ambayo matibabu yangemhifadhia macho. Kisukari nacho huharibu retina bila kelele, na mtoto wa jicho huleta ukungu ambao hakuna kioo kitakachouondoa.

Kwa sababu hiyo, yeyote aliyevuka miaka 40, au mwenye kisukari, au mwenye ndugu aliyepata presha ya macho, apimwe macho kabla ya kufungua mkoba. Kwa mkazi wa Kawe, huduma hizo hazipo mbali: ipo hospitali ya CCBRT kule Msasani, na ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala.

Kioo huyachosha macho kwa njia gani

Hakuna ushahidi kwamba kutazama kioo cha kompyuta huharibu retina ya binadamu. Kinachotokea ni uchovu, na uchovu huo una njia zinazoeleweka.

Njia ya kwanza ni ukavu. Mtu aliyetulia hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika, na kila kope zinapofunga hutandaza machozi juu ya konea. Anapokaza macho kwenye kioo, kupepesa huweza kushuka hadi mara 5 au 7 kwa dakika. Machozi hukauka, konea huachwa wazi, na jicho huwasha, huona ukungu wa muda, au hutoa machozi mengi ghafla. Feni iliyoelekezwa usoni huzidisha hali hiyo. Hapa ndipo lilipo lalamiko la Mama: meza yake iko mbele ya feni ya kusimama, nayo huvuma usoni kwake tangu jioni mpaka usiku.

Njia ya pili ni kukaza kwa misuli. Misuli midogo ya ndani ya jicho hukaza kila tunapotazama cha karibu, na hulegea tunapotazama mbali. Ndiyo maana Chuo cha Madaktari wa Macho cha Marekani hushauri kanuni rahisi: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa takriban mita 6 kwa sekunde 20. Kutazama mti wa mwembe kupitia dirishani kunatosha.

Njia ya tatu ni mng'ao. Dirisha likiwa nyuma ya mtumiaji, mwanga wake huakisiwa na kioo. Likiwa nyuma ya kioo, macho hupambana na mianga miwili isiyolingana. Njia ya nne ni mkao, nao huumiza shingo na mabega, na kichwa huuma kama matokeo.

Katika njia hizi nne, bei ya kioo haihusiki kwa kiasi kikubwa. Mpangilio wa meza ndio unaohusika.

Ukubwa, umbali na wingi wa nukta

Sasa tuingie dukani. Ukubwa wa kioo hupimwa kwa inchi kutoka pembe moja hadi pembe ya pili iliyo mkabala. Kioo kipana cha inchi 24 kina upana wa takriban sentimita 53 na kimo cha sentimita 30. Cha inchi 27 kina upana wa sentimita 60 na kimo cha 34.

Picha yote huundwa kwa nukta ndogo za mwanga. Kioo cha kiwango kilichozoeleka zaidi kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Kinachofuata kina 2560 kwa 1440, na kile kinachotangazwa kama 4K kina 3840 kwa 2160. Wauzaji husifu wingi wa nukta, lakini kinachoamua ni ukubwa wa nukta moja ukilinganishwa na uwezo wa jicho.

Jicho lenye uoni mzuri hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Kwa umbali wa sentimita 60, hiyo ni takriban milimita 0.17. Kioo cha inchi 24 chenye nukta 1920 kwa 1080 kina nukta zenye upana wa milimita 0.28. Kioo cha inchi 27 chenye nukta hizohizo kina milimita 0.31, kwa hiyo kimekuwa kikubwa lakini herufi zake zimekuwa na kingo za mikwaruzo zaidi. Kioo cha inchi 27 chenye nukta 2560 kwa 1440 hushuka hadi milimita 0.23, na cha 4K hufika milimita 0.16, ambapo jicho la kawaida halioni tena nukta mojamoja.

Kutokana na hesabu hii tunapata kanuni mbili. Kwa anayesoma na kuandika kwa saa nyingi akiwa amekikaribia kioo, inchi 24 zenye nukta 1920 kwa 1080 zinatosha. Akitaka inchi 27, atafute zenye nukta 2560 kwa 1440. Kwa anayetazama filamu akiwa kitandani au kwenye kochi, umbali wa mita 2, jicho lake halitenganishi chochote kilicho chini ya milimita 0.58. Kulipia 4K katika kioo cha inchi 24 au 27 kwa ajili ya filamu za namna hiyo ni kulipia kitu ambacho jicho haliwezi kukipokea.

Jambo lingine ni mpangilio wa kompyuta yenyewe. Kila kioo kina idadi yake ya asili ya nukta. Kompyuta ikipangwa kutoa idadi nyingine, picha hunyooshwa na herufi huwa na ukungu. Hutokea sana pale kioo kinapounganishwa kwa waya wa zamani wa VGA. Kabla ya kuyashuku macho au kioo, fungua mipangilio ya kompyuta, hakikisha idadi ya nukta ni ile ya asili, na tumia waya wa HDMI au DisplayPort inapowezekana.

Kasi ya picha na michezo ya kompyuta

Kioo hubadilisha picha mara kadhaa kwa sekunde, na kasi hiyo hupimwa kwa hezi. Kioo cha kawaida kina hezi 60, yaani kila picha hukaa kwa takriban milisekunde 17. Kioo cha hezi 144 hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 7. Filamu za sinema hurekodiwa kwa picha 24 kwa sekunde, hivyo hezi 60 zinazitosha. Kwa kuandika barua na kujaza hesabu, vilevile.

Mchezo wa kompyuta ni jambo tofauti. Mpira au gari linapopita kwa kasi, kioo cha hezi 144 huonyesha mwendo laini zaidi, na kivuli kinachofuata kitu hupungua. Lalamiko la kijana wetu, basi, ni la kweli. Lakini ajiulize kwanza: je, kompyuta yake inaweza kutengeneza picha 144 kwa sekunde? Kompyuta ya ofisini isiyo na kadi maalumu ya picha mara nyingi haifiki hata 60 katika michezo mizito. PlayStation 4 haitoi zaidi ya hezi 60, na PlayStation 5 huishia 120. Kumnunulia kijana kioo cha hezi 240 ilhali mashine yake hutoa 50 ni sawa na kulifunga gari bovu magurudumu ya mashindano.

Kuhusu michezo, mhudumu wa afya ana la kuongeza kwa wenye kifafa. Idadi ndogo ya wenye kifafa, takriban 3 kati ya 100, hupata degedege kwa sababu ya mwanga unaowaka na kuzima harakaharaka. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana takriban mara 12 kwa sekunde, na watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitalini usiku huo. Kumeta huko kulikuwa ndani ya picha, hakukutoka kwenye vioo, hivyo hakuna kioo kinachoweza kumlinda mtu kikamilifu. Mwenye hatari hiyo acheze katika chumba chenye taa, akae mbali na kioo, apunguze mwangaza, asicheze akiwa amekosa usingizi, na asikatize dawa zake. Akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu chochote mdomoni. Kifafa hakiambukizi, usiogope kumshika.

Aina za vioo na filamu

Vioo vinavyouzwa leo ni vya aina nne kuu, na majina yake huandikwa kwenye boksi.

TN ni aina ya bei nafuu na yenye kasi, lakini rangi zake hubadilika mtazamaji anapokaa pembeni. Kwa mtu mmoja aliyeketi mbele, haina tatizo kubwa. Kwa familia iliyojipanga kutazama mechi, aliye pembeni huona picha iliyopauka.

IPS huhifadhi rangi hata kwa aliye pembeni, na hufaa kwa kazi, picha na watazamaji wengi. Udhaifu wake ni kwamba weusi wake si weusi kamili. Katika filamu ya usiku, giza huonekana kama kijivu.

VA ina weusi mzito zaidi, takriban mara tatu ya IPS katika tofauti ya mwanga na giza, hivyo hupendeza kwa filamu. Hata hivyo, vitu vinavyokwenda kasi gizani huweza kuacha michirizi.

OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta hujiwasha na kujizima yenyewe, na weusi wake ni kamili. Bei yake ni kubwa, na picha isiyobadilika ikikaa kwa saa nyingi kila siku, kama vile mstari wa menyu ya programu ya ofisini, huweza kuacha alama ya kudumu. Kwa mtu wa kazi za maandishi, si chaguo la kwanza.

Kumeta kwa taa na mwanga wa buluu

Vioo vingi vina taa nyuma yake. Ili kupunguza mwangaza, baadhi huizima na kuiwasha taa hiyo mamia ya mara kwa sekunde. Jicho halioni kumeta huko waziwazi, lakini baadhi ya watu hupata maumivu ya kichwa. Unaweza kukipima kioo dukani bila chombo: weka ukurasa mweupe, punguza mwangaza hadi chini, kisha pitisha kalamu harakaharaka mbele yake. Ukiona kivuli kimoja laini, taa ni tulivu. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana, kama meno ya kitana, taa inameta.

Kuhusu mwanga wa buluu, wagonjwa wengi wameuziwa miwani ya kuuzuia. Mwaka 2023, mapitio ya kitaalamu ya Cochrane yaliyojumuisha majaribio 17 yalihitimisha kwamba miwani hiyo huenda haina tofauti na miwani ya kawaida katika kupunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi. Fedha ya kuinunulia ingefaa zaidi kulipia kipimo cha macho. Jambo la kuzingatia ni usingizi: mwanga mkali usiku huchelewesha homoni ya melatonini, na mchezo wa kusisimua huuchangamsha ubongo. Kuzima kioo saa moja kabla ya kulala ni tiba isiyo na gharama.

Neno kwa wahudumu wa afya

Wahudumu katika hospitali za umma hutumia mifumo ya kumbukumbu kama GoT-HoMIS, na wengi hukitazama kioo wakiwa wameketi kwenye kiti kisicho sawa na meza. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Kompyuta mpakato haiwezi kutimiza sharti hilo, kwa kuwa kioo chake kimeshikamana na kibodi: ukiinua kioo, mikono inaning'inia, ukishusha mikono, shingo inainama. Kioo cha ziada, au kibodi ya ziada na boksi la kuinulia, huondoa tatizo hilo.

Jambo zito zaidi ni picha za eksirei. Siku hizi picha hizi husafiri kwa simu, na daktari huombwa maoni akiwa nyumbani. Kioo cha kawaida chenye nukta 1920 kwa 1080 kina jumla ya nukta milioni 2 tu, ilhali picha ya kifua ya kidijitali mara nyingi ina zaidi ya hizo maradufu. Vioo vya kusomea picha za tiba hupimwa kwa kigezo cha DICOM ili kila daraja la kijivu lionekane kwa usawa, na miongozo ya wanaradiolojia wa Marekani hutaka mwangaza usiopungua kandela 350 kwa mita ya mraba, na 420 kwa picha za matiti. Vioo vingi vya nyumbani huishia kandela 250 hadi 300, na hakuna anayevipima. Ufa mdogo wa mbavu au kivimbe kidogo cha mapafu kinaweza kutoonekana. Kioo cha nyumbani, hata kiwe cha michezo na cha bei kubwa, kitumike kwa mazungumzo ya awali na kufundishia, si kwa kutoa jibu la mwisho la uchunguzi.

Kununua kioo kilichotumika

Watu wengi hununua vioo vilivyotumika, Kariakoo na kwingineko. Hakuna ubaya, ila rahisi huweza kuwa ghali. Mwombe muuzaji akiwashe kwa muda usiopungua dakika 15, kwa sababu hitilafu nyingine hujitokeza kioo kinapopata joto. Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Nukta iliyokufa itaonekana. Kagua kama kuna upande wenye umanjano au giza. Fanya jaribio la kalamu. Hakikisha kina tundu la HDMI, na kwamba kishikio chake hupanda na kushuka. Uliza kama kina spika, kwani vioo vingi havina. Mwisho, omba risiti yenye muda wa kurudisha.

Kukiweka nyumbani

Kioo kiwekwe ubavuni mwa dirisha, si mbele yake wala nyuma yake. Feni ivume mgongoni au miguuni, si usoni. Mwangaza wa kioo ulingane na wa chumba: weka karatasi nyeupe pembeni, kioo kikionekana kama taa, punguza, kikionekana cha kijivu, ongeza. Chumba kisiwe cha giza tupu.

Kawe ni jirani ya bahari, na hewa ya chumvi huharakisha kutu kwenye matundu ya nyaya; kifute kioo kwa kitambaa laini kikavu, na usikiache karibu na dirisha la upande wa upepo. Umeme ukikatika, chomoa waya mpaka umeme urudi na kutulia, au tumia kifaa cha kudhibiti umeme.

Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba walio chini ya miaka 2 wasiwekwe mbele ya vioo, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku. Kwa wakubwa zaidi, mchezo wa nje ni kinga. Katika jaribio la shule za Guangzhou nchini China, lililochapishwa mwaka 2015, watoto walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule walipata tatizo la kutoona mbali kwa asilimia 30 baada ya miaka mitatu, ilhali wenzao walifika karibu asilimia 40. Mzazi pia ajue kwamba uraibu wa michezo ya kompyuta umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo kuliko mambo mengine, na kuendelea nao hata unapoleta madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi.

Hitimisho

Turudi Kawe. Familia yetu itafaidika na kioo cha inchi 24, chenye nukta 1920 kwa 1080, cha aina ya IPS, chenye hezi 75 au 100, taa isiyometa, na kishikio kinachopanda na kushuka. Kinatosha kwa kazi ya Mama, kinampunguzia kijana kivuli kwa kiasi ambacho kompyuta yake inaweza kukitumia, na kinaonyesha mechi sawasawa kwa wote walioketi. Hakitamponya Baba, atakayemsaidia Baba ni mpimaji wa macho, na kwa kuwa kioo hiki si cha bei ya juu, fedha iliyobaki itumike kwa kipimo na miwani yake. Mama naye atapata nafuu siku feni itakapohamishwa.

Lakini mtu yeyote akiona ghafla miale ya mwanga, vitone vingi vinavyoelea, pazia linaloshuka machoni, au akipata jicho jekundu lenye maumivu makali, au uoni ukipotea ghafla, asizime kioo akasubiri kesho. Aende hospitali siku hiyohiyo.